Kwa Mkono wa Kageha

Kampuni imetupa anwani moja tu,
na mashine ziko saba, ukihesabu na ile printa
inayokohoa karatasi kama mvuta kiko.
Ofisi ya chama cha wafugaji, Chavakali, ghorofani:
chini yetu duka la dawa za ng'ombe,
juu yetu bati, na mvua ya saa tisa iko njiani.

"Saba watapitaje mlango wa mmoja?"
anauliza meneja, Bwana Jumba.
Nimeinama chini ya meza, kebo ya samawati mdomoni.
Simjibu. Namkumbuka mama.

Shule yetu ilikuwa na sanduku moja la posta
na kijiji kizima kiliishi humo:
Imali aliyeomba kazi ya majani chai Kericho,
Keseko aliyemwandikia mchumba, akafuta, akaandika,
mzee Asava na kesi yake ya mpaka wa shamba,
wote S.L.P. ile ile, kwa mkono wa Kageha, karani.
Huko duniani nani angejua njia ya kwa Imali,
ile ya kushukia kwenye jiwe, uvuke kijito, uulize?
Walijua sanduku.
Mama alikuwa na daftari.
Barua ikitoka anaandika: nani, kwenda wapi, tarehe.
Jibu likirudi, kidole kinashuka mistarini,
kinasimama. "Mpelekee Keseko. Mwambie ni nene."

Ndivyo, Bwana Jumba.
Humu ndani kila mashine ina jina la nyumbani,
192.168.10 na mkia wake,
majina ambayo hata Mbale wanayo, hata Luanda,
kama kila boma lilivyo na Kuku Mwekundu wake.
Hayavuki kizingiti.
Pakiti ikitoka, ruta inaivua jina la nyumbani,
inaivika la barabarani,
kisha inaandika: huyu katokea kwa keshia,
mlango elfu arobaini na kitu.
Jibu likirudi, kidole kinashuka.

Naandika amri. Ya keshia inapita.
Ya mhasibu inagoma nusu saa nzima
mpaka nigundue sikuipa lango la kutokea;
nilikuwa nimeanza kuilaumu mvua.

"Na anayekuja bila kuandikwa?"

Huyo hurudishwa.
Mama alikuwa na muhuri: HAJULIKANI.
Mwaka wa themanini na tisa ilikuja moja kutoka Mombasa,
bahasha ya kaki, ya Ezekiel fulani.
Daftarini hakuna Ezekiel.
Akaiweka wiki mbili juu ya kabati, akaigonga, ikaenda.
Miaka minne baadaye, kwenye mazishi,
mchungaji akasoma historia ya marehemu,
na jina la ubatizo la mzee Asava
likatoka kwenye kipaza sauti, likatua miguuni pa mama.
Hakula siku ile.
Usiku akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari,
akaandika kwa wino mwekundu: Ezekiel ni Asava.
Kwa nani tena, sijui.

Kwa hiyo nafungua mlango mmoja, kwa makusudi.
Mzani wa maziwa wa Gambogi hupiga hodi alfajiri
bila kuitwa na mtu. Ukija, namwelekeza ruta,
upelekwe moja kwa moja kwa mashine ya pembeni.
Huo tu. Wengine warudi.
"Basi tuko salama," asema Jumba.
La. Huyu ni karani, si ukuta.
Ukuta nitajenga kesho.

Mvua imefika, hatusikilizani.
Taa saba za kijani zinakonyeza.
Nafunga begi. Nyumbani, mama ameketi jikoni,
daftari lake siku hizi linajifuta lenyewe, mstari kwa mstari.
Ataniita kwa jina la dada yake.

Nami nitaitika.