Jini wa Kibokoni

Dakika ya kumi na nne kwato la kushoto likamvuka,
likabiringika hadi mtaroni.
Jini, badala ya kunguruma,
akaliinamia, akalipangusa, akalivaa,
kisha akatukazia macho
kana kwamba ni sisi tuliomvua.

Hapo ndipo filamu hii iliponipata.

Tuliitazama kwa Bi Rukia, ghorofa ya pili,
shuka limeangikwa kwenye kabati la vyombo,
mkunjo wa pasi ukimpasua jini uso.
Kila mtu na kiti chake, na mhogo wake
wa pilipili na ndimu ndani ya gazeti.

Damu ilikuwa sharubati ya roza.
Ukitazama vyema utawaona sisimizi
wakimpanda marehemu shingoni,
na marehemu, Badi wa duka la simu,
anajizuia,
anajizuia,
mpaka akajikuna.

"Maiti ana upele!" akapaza sauti kitukuu cha Bi Rukia,
nyumba ikaangua kicheko, mhogo ukamwagika.

Twalib ndiye mtunzi, mpiga picha, mlipaji,
na ule mkono utokao kisimani.
Saa yake ya mkononi yasema saba na robo.
"Usiku wa manane," yasema sauti nzito,
na nyuma yake jua limewaka,
mtu aanika nguo, kuku wapita.

Nimeziona za mamilioni.
Zilinilaza taa ikiwaka, sikatai,
lakini asubuhi sikumkumbuka yeyote.
Huyu namkumbuka hata mshono wa gauni:
kaushona mwenyewe, Mwanamize, fundi wa mabuibui,
aliyekaa nyuma yetu usiku ule,
leso mdomoni, macho yakimtoka machozi,
hatukujua ni ya haya au ya raha.

Mwisho wenyewe Twalib alisahau kuzima kamera.
Jini, akishammaliza Badi, anaondoka kichochoroni,
anavua kwato zote mbili, anazikwapua,
anabisha mlango wa jirani
na kuomba maji ya kunywa.
Hajalikata kipande kile. Asilikate.

Nilirudi nyumbani umeme umekatika.
Karibu na msikiti nikasikia nyuma yangu
ko,
ko,
ko.
Nywele zilinisimama, hilo nakiri.
Kisha nikapunguza mwendo
asije akavukwa tena.