Kesi ya Kuku wa Bi Mwanjaa

Jumanne nilikuta miche minne ya pilipili imelala,
shingo zimekatwa usawa wa udongo,
majani bado mabichi, bado yana umande.

Mimi nilikuwa karani wa bohari, bandarini Tanga.
Miaka ishirini na sita nimehesabu marobota ya katani
na halikupotea hata moja nisimjue mwizi.
Sasa nahesabu miche,
katika madumu yaliyokatwa vichwa na beseni lililotoboka,
uani kwangu, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.

Mwizi nilimjua papo hapo:
kuku wa Bi Mwanjaa, yule mwekundu, kishingo,
anayepenya pale bati la ua lilipojikunja.
Nikasema maneno.
Nikayasema mbele ya muuza mbaazi, na sauti sikuipunguza.
Bi Mwanjaa hakunijibu.
Alichukua kamba, akamfunga kuku kwenye mguu wa meza,
akaingia ndani, akarudisha mlango taratibu.
Afadhali angeubamiza.

Jumatano, miche sita.

Ndipo nikatoa daftari.

Vidukari, chini ya majani ya bamia,
wamebanana kama abiria wasio na nauli,
na sisimizi juu yao wanawakamua utamu.
Sabuni ya mche, kijiko kwa lita. Wakateleza.
Nzi weupe kwenye biringanya:
gusa jani, wanapaa kama majivu yaliyopulizwa.
Nikatwanga muarobaini, nikaulaza majini usiku kucha;
binti yangu Salha akahamishia jiko barazani kwa harufu.
Mdudu kobe, mwekundu wa madoa meusi:
niliponda wawili
kabla sijaambiwa kwamba chakula chake ni vidukari.
Hao nimewaandika ukurasa wa peke yao.
Majimoto wa mlimao, mafundi wa kushona majani,
waliniuma kisigino, nikawaacha.
Malimao yangu hayana doa.

Lakini katika wote hao
hakuna mwenye meno ya kukata shingo.

Saa nane usiku, umeme hakuna,
nimechuchumaa na tochi ya simu, goti linalalamika.
Nachokonoa kwa kijiko cha chai,
vidole viwili kutoka shinani.
Huyo hapo.
Mnene, rangi ya tope,
amejikunja kama sikio la mtoto aliyelala.
Sota.
Mchana amelala chini ya mashtaka ya mwenzake,
usiku anatoka kula.
Nikamtia koponi. Nikachokonoa tena.
Hadi adhana ya alfajiri walikuwa kumi na saba,
na mimi nimekaa kwenye udongo
nikimfikiria kuku aliyefungwa mguu.

Nilipiga hodi mara tatu.
"Karibu. Na kopo lako."
Akachungulia, akanitazama, akachungulia tena.
"Hawa ndio alikuwa akiwafuata kwako.
Wewe ulidhani anafuata nini, kachumbari?
Siku mbili hizi namnunulia pumba."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kutaka radhi, marefu, mazuri.
Yakabaki moja: "Nimekosa."
Akalichukua kopo, akalimwaga chini ya meza.
Kishingo hakubakiza ushahidi.

Sasa kila mche nimeuvika kola ya boksi la sabuni,
nusu juu, nusu imezama ardhini,
na bati la ua nimelikunja zaidi, kwa mkono wangu.
Leo asubuhi kuku kaingia kama mwenye hati ya kiwanja,
kafukua sota wawili
na mche mmoja wa nyanya chungu, hadi mizizi.

Nimeuandika daftarini: umepotea, mwizi anajulikana.
Muuza mbaazi alipita, akanisalimu.
Nikaitikia salamu, basi.