Kistari Kimoja

Tukuyu, saa mbili usiku, mvua ileile ya tangu Jumanne.
Umeme umerudi. Kifaa kwenye tangi la maziwa kinaamka,
kinapapasa flashi yake bloku kwa bloku,
kinauliza kila kichwa: umefutwa mara ngapi,
umebeba joto la saa ngapi?

Nami nakisubiri, soksi mbichi juu ya boksi la betri.

Watu hudhani utupu ni sifuri.
Ndani ya chipu hii utupu ni moja, moja, moja,
biti zote zimewaka kama madirisha ya bweni usiku wa kuamkia mtihani;
kuandika ni kuzima baadhi yake.
Bloku iliyofutwa inang'aa, haina neno.

Utupu huo nilikuwa nimeupa majina mawili.
Kichwa cha kwanza kikikosa maandishi, kiendeshi kilirudisha TUPU.
Cha pili kikikosa, kilirudisha HURU.
Kikiharibika, MBOVU. Kikisomeka kwa biti za kusahihishwa, CHAFU.
Kisha nikaongeza TUPU-CHAFU, HURU-CHAFU, MBOVU-KIDOGO
(usiniulize ubovu mdogo unaanzia wapi),
na kila aliyepokea jibu alilazimika kuwa na matawi saba
yanayoishia mlango uleule.

Gwakisa aliipitia kazi yangu, akaandika pembeni:
"Huyu anayeuliza, kwani hajui amegonga mlango upi?"
Nikanuna siku mbili.

Ya tatu nikaenda kupima waya kituoni,
nikamkuta Mama Subilaga na daftari lake la mapokezi,
mistari ya rula, kalamu imefungwa kwa uzi wa kiroba.
Asubuhi. Jioni. Lita. Majina ya watu wa Katumba na Kyimbila.
Asiyeleta asubuhi, kistari.
Asiyeleta jioni, kistari kilekile.
Nikamuuliza: unatofautishaje?
Akaniangalia kama niliyeuliza mvua inanyesha kutoka juu au chini.
"Safu si unaiona?"

Yakiganda kwenye spiriti anachora msalaba, anarudisha kopo.
Hamwelezi Mwaipaja kemia ya uchachu.
"Akishajua, ndiyo atafanyaje? Ayarudishe nyumbani, basi."

Lakini pembeni ya lita za mtu mmoja niliona nukta,
ndogo, ya wino mwekundu.
"Haya yamepita. Ila kopo limeanza kunuka mfunikoni.
Leo napokea. Kesho aje na jingine."

Nilirudi nikafuta.
TUPU na HURU nikazifanya kistari kimoja:
anayesoma kichwa cha pili anajua anasoma cha pili.
Mbovu ikawa mbovu, bila udogo.
Nukta nilijaribiwa kuifuta nayo, kwa uzuri tu wa orodha;
mkono ukasita,
maana bloku inayosomeka kwa taabu
inaomba kuhamishwa ingali na la kusema.
Mistari mia na arobaini iliondoka.
Hakuna aliyeiulizia.

Sasa kifaa kinakaribia mwisho.
Nyuzi nne. Nyuzi nne. Kistari. Nyuzi tano.
Msalaba: hapo umeme ulikatika kichwa kikiwa nusu kuandikwa,
neno limebaki mdomoni.
Kistari. Kistari.
Nukta.

Bloku ya mia tatu na sita.
Kiendeshi kinayahamisha yaliyomo, polepole, bila kulalamika.
Naiandika namba kiganjani, navaa soksi zangu mbichi, natoka.
Kabla sijafika kwenye lami
mvua imekwisha kuichubua tarakimu ya kati.
Naielekeza kwenye taa ya duka la dawa.

Bado inasomeka.