Kibali cha Kukata Barabara

Bomba la shangazi limepasuka,
na maungio yake yapo ng'ambo ya lami.
Ng'ambo ya lami, hapa Kiusa, ni nchi ya kigeni:
huvuki na sululu bila karatasi.

Dirisha namba tatu. Bi Aikande Mamuya
miwani ameipandisha kipajini, chai imeshika utandu.
"Mita ngapi?" Sita.
"Siku ngapi?" Moja, Mungu akipenda.
"Mungu hayumo kwenye fomu. Siku ngapi?"
Mbili.

Ada ya maombi, hairudishwi hata ukikataliwa.
Ada ya ukaguzi: mtu atakuja kuitazama lami
athibitishe kwamba ni lami.
Ada ya kusumbua magari, kwa siku, kwa upande,
na asubuhi bei inapanda, maana asubuhi watu wana haraka.
Dhamana. Vibao viwili vya njano. Kijana wa bendera.
Nikajumlisha nyuma ya bahasha:
bomba lenyewe, na gundi yake, na viungio vyake,
halikufika theluthi ya ruhusa ya kulifukia.

Sikubisha. Barabara ni ya wote,
anayeifunga awalipe wote, hilo naliafiki.
Hata mimi nimewahi kusimama nyuma ya mtaro wa mtu,
mtungi wa gesi begani,
nikaulaani ukoo wake mzima.

Ila kipengele cha saba kilinikwama kooni:
Taja kizuizi kingine kilichopo ndani ya mita hamsini.

Kipo, Bi Aikande. Ni shimo.
Lipo mbele ya duka la Mangi Kileo,
lina umri wa masika matatu,
lina kina cha goti na maji ya kuogeshea bata.
Limekula springi za bajaji ya Ndewirwa mara nne.
Limemlaza Mama Sifaeli na tenga lake,
parachichi zikabingirika hadi mlangoni kwa kinyozi.

"Nani kalichimba?" akauliza, kalamu tayari.
Mvua.
"Ana kibali?"

Nikadhani anatania. Hakutania.
Nikaomba fomu nyingine, nikamjazia:
Jina la mwombaji: Mvua.
Makazi: Kibo, upande wa mawingu.
Shughuli: kuchimba.
Usumbufu kwa magari: ndiyo.
Muda: mpaka atakapochoka.
Namba ya malipo nikaiacha wazi.

Akaisoma mpaka chini. Akashusha miwani.
Nje mlima ulikuwa umejifunika, kama mtu anayedaiwa.
"Hii," akasema taratibu, "siwezi kuigonga muhuri."
Lakini hakuichana. Aliikunja mara mbili
akaiweka kwenye droo, chini ya kopo la sukari.

Nikalipa yangu. Simu ikatetema: malipo yamepokelewa.

Tukakata usiku, mimi na Eliamani.
Kijana wa bendera akalala amesimama,
akiongoza mbwa wawili waliopita bila kugeuka.
Saa kumi alfajiri viungio vikashika,
maji yakaenda kwa shangazi yakikohoa.
Tukafukia, tukashindilia, tukamwaga lami.
Ikabaki toroli moja.

Kuziba shimo nako kuna fomu yake,
na ada yake, na mtu wa kuja kuthibitisha kwamba ni shimo.
Nikamtazama Eliamani. Eliamani akalitazama toroli.
Mbele ya duka la Mangi pakanuka moshi, mafuta, kazi.

Asubuhi Mama Sifaeli alipofika pale alipunguza mwendo,
akashika tenga kwa mkono mmoja, gauni kwa mwingine,
akaruka shimo ambalo halipo.

Wakiuliza nani, na kwa idhini ya nani,
stakabadhi yangu ninayo. Nililipia siku mbili,
nikatumia moja.
Ile ilikuwa chenji.