Kabla ya Kifyatuo

Mwalimu wangu ana miaka ishirini na sita,
anaitwa Letaru, na hanionei haya.
Mimi hamsini na mbili, mstaafu wa redio jeshini;
Kiswahili nilikipata kambini,
pamoja na mba na nidhamu.

"Mzee Onzima, shika hapa. Usikamate kama bunduki."
Nashika ncha ya kupimia, nyembamba kama mwiba wa samaki,
klipu yake ya ardhi ikiuma chuma.
Duka letu liko nyuma ya soko la Arua,
mlango wa bluu, harufu ya risasi iliyoyeyuka
(ya kuunganishia nyaya, si ile nyingine).

Mezani, mashine ya oksijeni kutoka wodi ya watoto.
Usiku huzima. Mchana haina kosa,
kama mlevi mbele ya padri.

Letaru amefungua mgongo wa osiloskopu,
kuukuu, kioo kina ufa,
ananionyesha matumbo:
"Huyu wa kwanza hupunguza. Umeme mkali ukija
anautuliza mlangoni, usije ukavunja vyombo.
Wa pili hukuza; mnong'ono anaupa sauti.
Na huyu, mdogo kama kunguni, ndiye mwenye nyumba:
analikatakata wimbi liwe namba."

Akishalikata, nauliza, wimbi lenyewe liko wapi?

Anacheka. "Halipo. Kuna nukta tu.
Fuwele inapiga saa, kila pigo nukta moja.
Kati ya nukta na nukta
tunachora kwa imani."

Hapo nikanyamaza.
Miaka kumi na minane niliyajua mawimbi kwa sikio:
mluzi, mkwaruzo, sauti ya Koplo Obitre akiomba maji,
kisha kimya.
Nikaandika saa kwenye daftari.
Nukta. Nukta.

"Sasa, kifyatuo," akasema,
na kidole changu kikajikunja chenyewe.
Alikiona. Akashusha sauti.
"Hiki hakiui, mzee. Hiki hungoja.
Unakipa kiwango: umeme ukianguka chini ya hapa,
simamisha kila kitu."

Na kumbukumbu?

"Kumbukumbu hailali. Huandika na kufuta,
huandika na kufuta, kama mtoto na kibao.
Kifyatuo kikiitikia, ndipo inaacha kufuta.
Kwa hiyo utaona hata yaliyokuwa kabla."

Kabla?

"Kabla."

Tukabeba vyote hadi wodini, tukachomeka palepale.
Muuguzi Candiru akasogeza mtungi wa akiba
karibu na kitanda cha nne, akatupa benchi,
akatuonya tusikorome.
Kwenye kioo mstari wa kijani ulipanda, ukashuka,
kifua cha mtoto kikipanda, kikishuka, si kwa mwendo mmoja.

Saa nane na dakika kumi na moja
kioo kikaganda.
Mtungi ukafunguliwa kabla sijasimama.

Tukainama, vichwa vikagongana.
Hapa umeme umeanguka, wazi, kama mtu aliyekosa ngazi.
Lakini kushoto, kabla ya kuanguka:
meno. Meno madogo ya msumeno, mara tatu.
Mtu anawasha kitu kizito, kinagoma,
anawasha tena.

Nikaenda dirishani.
Ng'ambo ya ua, taa ya kiwanda cha mikate.
Kijana ameegemea mashine ya kukanda unga,
mikono myeupe hadi kwenye viwiko,
anapiga miayo. Hana habari yoyote.

Letaru alikuwa ameshaanza orodha nyuma ya kadi ya kliniki:
stebilaiza, laini ya peke yake,
kuongea na mwenye mikate, kwa upole.
Mimi nilibaki mbele ya kioo chenye ufa.

Letaru, nikamwita. Hii kumbukumbu
inarudi nyuma kiasi gani?

"Si nyingi," akasema, bila kuinua kalamu.
"Sekunde kumi na mbili."

Zingenitosha.