Bado Kona Mbili

Somoe, wimbo walikuagiza kama mtu anavyoagiza mlango kwa seremala:
dakika tatu na nusu, kiitikio kiwahi,
usiwe na huzuni mno, usitaje dini ya mtu.
Msichana wa filamu ataanguka katikati ya mbio,
sauti yako ndiyo imnyanyue.

Wiki mbili ukajifungia studio ya Ligula,
kuta zimebandikwa trei za mayai, feni mbovu.
Ukaandika nyota, ukafuta.
Ukaandika mabawa, ukafuta.
Ulipofika usikate tamaa, Nampota kwenye mashine
alipiga miayo, nami niliyeleta wali na kisamvu
nikaona hadi gego lake.

Ukapanda basi la Newala na miwani yako ya jua
kana kwamba mbuzi wa kule wangekuomba picha.
Mama hakuuliza habari za mjini.
Bomba lilikuwa na siku ya tisa linakoroma tu.
Alikupa ndoo.

Kushuka si kazi, kila mtu anajua.
Kazi ni kurudi, shingo imezama mabegani,
jani la mkorosho likielea juu ya maji yasiruke,
na njia inajikunja kama utumbo wa kuku.
Hapo nyuma yako, akihema, akasema lile neno lake:
Bado kona mbili.

Unakumbuka? Tangu utoto zilikuwa mbili.
Tulikata moja, zikabaki mbili.
Tulikata nyingine, mbili.
Mimi niliyekuwa wa kwanza kwa hesabu darasani
nikamwambia, Mama, unakosea.
Akasema: hesabu ni za shule, hiki ni kilima.

Ukarudi Mtwara na wimbo mzima,
vumbi jekundu bado limo kwenye kamba za viatu.
Nampota hakupiga miayo.

Siku ya kuonyesha filamu, ukumbi ulijaa hadi madirishani.
Mama alikaa mbele, khanga yake bado inanukia duka.
Msichana akaanguka. Kimya. Kisha wewe,
bado kona mbili, bado kona mbili,
na kijana wa bodaboda aliyekaa ubavuni mwangu
akajifuta macho kwa mkono wa koti.
Mama akaninong'oneza:
— Amewaambia ni mbili?
— Ndiyo.
— Wameamini?
— Wanalia, mama.
— Basi watafika.

Ningeishia hapo, dada, ningekuwa mtu mwema.
Lakini mimi nabangua korosho, unajua,
viganja vyangu vina madoa ya mafuta yake
ambayo sabuni haijawahi kuyashinda,
na wimbo wako unapigwa kiwandani tangu asubuhi.
Tunauimba. Ni mtamu, siwezi kukataa.
Juzi saa kumi na moja, tumeshajifunga khanga za kuondokea,
msimamizi, Bwana Lukanga, akasimama mlangoni, kalamu sikioni,
akaimba kwa mahadhi yako:
Bado magunia mawili.

Wanawake wakacheka. Wakakaa.
Asinawi, mwenye mimba ya miezi saba, akakaa.
Nami nikakaa, nikavuta sinia,
wala sikukulaumu. Nilikuwa namtazama Lukanga kichwani.
Pakavu.

Mama alisema maneno yale, Somoe,
akiwa amebeba ndoo kubwa kuliko zetu zote,
na jani lake halikutikisika.

Filamu nyingine ikikuita, hilo jani litie.
Popote. Hata kwenye ubeti usioimbika.