Vifungo Sita

Mwezi wa sita Isyonje, ukungu hauondoki,
unahama tu kutoka shamba la pareto kwenda la viazi
na kurudi, kama mtu aliyesahau ufunguo.

Mama mkubwa Ikupa aliniletea mfarishi wake,
viraka thelathini na kitu, mabaki ya mafundi wa Mwanjelwa,
pamba imeshikana vizuri, mshono haujaachia.
Nikadhani anataka lesi. Nilikuwa nayo, mita mbili,
nyeupe, ya kuringia.
Akasema, "Lesi mpe bibi harusi.
Mimi ukungu umeshaingia machoni, hautoki tena.
Usinipambie kwa rangi. Nipambie kwa vinundu."

Sikuwahi kupamba kitu cha gizani.
Niliketi na sindano nimefumba macho,
nikajichoma mara saba kabla sijaielewa kazi.

Kona ya kwanza nikatia mbegu za mgomba mwitu,
nyeusi, ngumu, kama zilichongwa na Mungu akiwa na haraka;
nilizitoboa kwa msumari wa moto, tano zikapasuka.
Kona ya pili, zipu ya jaketi la Tumpale,
la enzi zile ana miaka minne na hataki kuvaa.
Katikati nikadarizi njia ya kwenda kisimani,
uzi wa sufu mara mbili,
na pale penye jiwe la kuteleza nikaweka fundo.

Kisha vifungo. Vya shaba, vya koti la reli
alilovaa marehemu Anyosisye, stesheni ya Iyunga,
miaka ishirini na miwili akipunga bendera ya kijani.
Koti lililiwa na nondo.
Vifungo nondo hawali.

Sita, alinihesabia mkononi.
Vitano nilishona.
Cha sita sijui. Labda ufa wa sakafu, labda kuku.
Nilikitafuta kwa kurunzi, kwa ufagio, kwa machozi kidogo,
nikaenda gulioni nikanunua kinachofanana,
shilingi mia mbili, plastiki iliyopakwa dhahabu.
Jicho lingedanganyika. Mimi mwenyewe nilidanganyika.

Akaupokea kitandani, hakusema asante.
Vidole vikaanza safari. Mbegu: akachekea puani.
Zipu: akaifungua, akaifunga, akaifungua,
"Mtoto yule alikuwa na kelele!"
Njia ya kisimani aliifuata polepole, na kwenye fundo
akainua kidole
kama mtu anavyoinua mguu.
Kisha kifungo. Kifungo. Kifungo.
Kwenye cha nne akasimama, akarudi, akakizungusha.
"Huyu si wa reli," akasema. "Huyu hana baridi."

Manyunyu yalikuwa yanachambua bati.
Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakaniganda.
Nikachukua mkasi, nikashika uzi wake.

"Mwache," akasema, akivuta mfarishi hadi kidevuni.
"Hata pale stesheni
walikuwepo vibarua."

Nikatunga sindano upya.
Nikampitishia uzi wa pili, na wa tatu,
kibarua yule asije akatoroka.